Darasa la ngumi la Maweni, Malindi: miezi minne mimi na mwanangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, na ngumi nilizicheza nikiwa kijana Mombasa. Mwaka huu nilimtafutia mwanangu mahali pa kujifunza. Pa kwanza palikuwa na vioo ukuta mzima, muziki mkubwa, na mwalimu aliyemfundisha kurusha makonde sita mfululizo kisha arudi nyuma. Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa na kasi kweli, lakini ukimwingia kifuani hajui mikono aiweke wapi. Nikamtoa.

Jirani akanielekeza Maweni, kwa mzee mmoja anayefundisha uani kwake. Tunakwenda mara tatu kwa wiki. Naandika kwa sababu anayoyafundisha yule mzee sijayaona popote tangu ujana wangu.

Ua wenyewe ni saruji iliyopasukapasuka, mwarobaini mmoja na magunia mawili. Magunia yameshonwa kwa kitambaa cha tanga na kujazwa matambara na unga wa mbao. Chini yameshindiliana kama jiwe, basi piga juu ya mshono wa katikati. Mshono wa moja nimeurudia mwenyewe kwa uzi wa jarife, ule wavu wa papa. Glavu ni jozi nne kwa watu kumi na wawili. Ulingo hakuna. Kuna kamba iliyofungwa toka mtini hadi nguzoni, kimo cha kidevu, unapita chini yake huku na huku mpaka mapaja yanawaka moto.

Siku ya kwanza hatukupiga kitu. Mzee alikishika kiganja changu akakiweka kwenye nyama ya mkono wake wa juu, ndani, karibu na kiwiko. "Sikiza, baba," akaniambia. Akajitia kupiga. Nikausikia msuli unakaza kabla ngumi haijaondoka, nikasukuma kidogo tu, na ngumi ikafia pale pale. Tulifanya hivyo nusu saa, kwa zamu, macho yamefumbwa. Jack Johnson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1908 hadi 1915, alipigana kwa namna hii: kiganja wazi, anaudaka mkono wa mwenziwe kabla haujanyooka. Leo mabondia wakikutana kifuani hukumbatiana wakamngoja refa. Kwa mzee, hapo ndipo kazi inapoanza: kichwa chini ya kidevu cha mwenzio, mkono mmoja umemfunga, wa pili uko huru mbavuni.

Nilimuuliza ufundi huu ulipotelea wapi. Jibu lake ni mashine. Kuanzia Olimpiki ya Barcelona 1992, konde lilihesabiwa iwapo majaji watatu kati ya watano wamebonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Konde la mbavu, watu wamebanana, nani ataliona? Makocha wakafundisha kinachoonekana: gusa, toka. Mfumo huo uliachwa 2013, lakini waliokulia ndani yake ndio wanaofundisha sasa. Kwa mabondia wa kulipwa kuna jambo jingine. Baada ya kifo cha Duk Koo Kim, bondia wa Korea Kusini aliyeumia ulingoni mwaka 1982, mapambano ya ubingwa yalishushwa toka raundi 15 hadi 12. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, uhai kwanza. Ila ule mtindo wa kumchosha mtu tumboni mapema ili umvune mwishoni ulipungukiwa na nafasi.

Mwanangu amependa zaidi kinga ya mikono iliyopishana, mmoja mbele ya uso na mwingine mbele ya tumbo. Bondia wa zamani Archie Moore ndiye aliyesifika nayo, na George Foreman aliitumia aliporudi ulingoni, akautwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu 1994 akiwa na miaka 45. Mzee anasisitiza kiwiko kiwe juu, ngumi iteleze, na jibu litoke hapo hapo bila kurudisha mkono nyuma.

Na hadaa ya bega, jamani. Mwezi wa tatu wa mazoezi, mwanangu alimtazama mwenziwe tumboni, akashusha bega la kulia kama anayekwenda chini. Yule kijana akashusha kiwiko, na mkono wa kushoto ukamgusa shavuni, taratibu kabisa. Mzee hakupiga makofi. Alisema, "Rudia, mwanangu." Nilipata machozi. Kenya hii ilimtoa Philip Waruinge, aliyepewa tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi bora katika Olimpiki ya Mexico 1968, naye alirudi na medali ya shaba tu. Ufundi ulikuwa na thamani yake peke yake.

Kasoro zipo. Kinga za meno na za kichwa hapati mtu pale, nilinunua za mwanangu mwenyewe na nikakubaliana na mzee asipigwe kichwani kwa nguvu. Glavu zinanuka. Hakuna pahali pa kubadilisha nguo, na kwa wasichana hilo ni kikwazo kikubwa, ningependa alitatue. Anayetaka kupunguza kitambi atachoka na subira ya mzee.

Mtu mzima analipa shilingi 1,500 kwa mwezi, mtoto 800. Bandeji za mikono njoo nazo. Mazoezi huanza baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikilia glavu zinavuliwa, hata kama raundi iko katikati.