Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa kufundisha Kifaransa kwa hadithi

Ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Arusha, na kwa miaka mingi nilikianza kidato cha kwanza kwa namna ileile: mnyambuliko wa kitenzi être (kuwa) ubaoni, kisha avoir (kuwa na), kisha darasa zima likariri. Walikariri vizuri, lakini ukimuuliza mmoja wao alifanya nini Jumapili, alinyamaza. Mwaka jana nikaamua kujaribu TPRS, mbinu ya kufundisha lugha kwa kusoma na kusimulia hadithi, iliyoasisiwa na Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California, aliyechukua wazo la James Asher la kufundisha lugha kwa amri na vitendo, akaliongezea hadithi.

Mwalimu huandika ubaoni maneno machache, kwa mfano elle veut (anataka), elle va (anakwenda) na elle trouve (anapata), pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Kisha huijenga hadithi kwa kuwauliza wanafunzi maswali mengi juu ya sentensi ileile. Mwishoni wote husoma hadithi iliyoandikwa kwa maneno hayohayo. Hadithi yetu ya kwanza ilimhusu msichana anayetaka mbuzi wa buluu. Nilipouliza anakwenda kumtafuta wapi, wakajibu kwa sauti moja, "Moshi!"

Faida niliyoiona mapema ni ya il (yeye, mwanamume) na elle (yeye, mwanamke). Kiswahili husema "anakwenda" kwa mwanamume na mwanamke vilevile, kwa hiyo wanafunzi wangu walizoea kumwita kila mtu il. Katika hadithi ya msichana na kaka yake kosa hilo halipiti, kwani ukikosea, mwenye mbuzi anakuwa mtu mwingine. Hata tofauti ya imparfait (wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea) na passé composé (wakati uliopita wa tukio lililokamilika), ambayo zamani nilimaliza kipindi kizima nikiieleza, waliipata kwa urahisi nilipowaonyesha kwamba nasi, tukisimulia, husema "msichana alikuwa amelala, mbuzi akaingia": la fille dormait, la chèvre est entrée.

Tatizo kubwa lilijitokeza kwenye maandishi. Parle, parles na parlent, maumbo ya kitenzi parler (kuzungumza), hutamkwa sawasawa, na mimi, kwa kuogopa kuchelewa silabasi, nilikuwa nikiifupisha hatua ya kusoma. Mwisho wa muhula wa kwanza wanafunzi walisimulia bila woga, lakini walipoandika, wengi waliandika ils parle badala ya ils parlent (wanazungumza). Muhula wa pili nikatenga nusu ya kila kipindi kwa kusoma na kuandika upya hadithi, na hapo ndipo madaftari yalipoanza kubadilika. Mwalimu wa Kihispania anaweza kuvumilia kuchelewesha hatua hii, kwa kuwa miisho ya vitenzi vyake husikika. Wa Kifaransa hawezi.

Naipa mbinu hii nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu hadithi fupi za kusoma zinazolingana na maneno ya darasa langu nililazimika kuziandika mwenyewe, usiku baada ya usiku.