RABORAL V-RG: chanjo ya rakuni na namna usalama wake unavyofuatiliwa

Chambo cha RABORAL V-RG, ambacho kila mwaka hudondoshwa kwa ndege katika majimbo ya mashariki mwa Marekani ili kuwakinga rakuni na kichaa cha mbwa, ni bidhaa ngumu kuipima, kwa kuwa mlaji wake ni mnyama wa porini asiyeweza kurudi kueleza kilichompata. Kwa hiyo tathmini hii inahusu zaidi ufuatiliaji wake kuliko harufu yake kali ya unga wa samaki.

Ndani yake mna mfuko mdogo wa plastiki wenye virusi hai vya vaksinia, vya jamii iliyotumika katika chanjo ya ndui, vilivyopandikizwa jeni moja tu ya virusi vya kichaa. Chanjo hii haiwezi kumwambukiza mnyama kichaa chenyewe. Zile za Ulaya zilizotokana na virusi vya kichaa vilivyodhoofishwa hazikuwa na uhakika huo, na Ujerumani na Austria walipatikana mbweha wachache waliougua kutokana na chanjo. Kwa hili naipa alama za juu, ingawa kwa vicheche wa Marekani haifanyi kazi vizuri.

Baada ya chambo kusambazwa, wataalamu hunasa rakuni, huwapima kingamwili katika damu, na hung'oa jino dogo ili kutafuta alama ya tetrasaiklini, antibiotiki inayoacha alama kwenye meno, iliyochanganywa katika chambo cha umbo la tofali. Kazi hiyo ni ya kuridhisha. Usalama wa binadamu, kinyume chake, umeachiwa zaidi namba ya simu iliyochapwa kwenye chambo. Mwaka 2000 huko Ohio, mama mjamzito aling'atwa na mbwa wake alipojaribu kumnyang'anya chambo, akaambukizwa vaksinia; mwaka 2009 huko Pennsylvania aliambukizwa mwanamke mwingine, aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, baada ya kushika chambo kilichopasuka.

Visa viwili kati ya mamilioni ya chambo ni vichache mno, lakini hesabu inayongoja mtu apige simu huwaacha nje wasiopiga. Onyo limeandikwa kwa Kiingereza, ilhali majimbo hayo yamepokea familia nyingi za wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili. Kwao nasema wazi: mbwa akishakiuma chambo, mwacheni amalize, kilichopasuka kisishikwe bila glavu, mikono ioshwe kwa sabuni, na namba ile ipigwe.