Forever Remembered, Kennedy Space Center: nenda, ila usipite mbio

Sisi tunaokaa Orlando, akija mgeni kutoka nyumbani, tunampeleka Kennedy Space Center, kituo cha safari za anga cha NASA hapa Florida, apige picha chini ya roketi. Pigeni tu. Lakini mkishaingia jengo la Atlantis, chombo cha anga kilichostaafu, shukeni chini mtafute Forever Remembered, sehemu iliyofunguliwa 2015. Mtapita kwenye vitu vya wanaanga 14 waliokufa katika ajali za vyombo vya anga Challenger na Columbia, kisha mtakutana na ubavu wa Challenger wenye bendera ya Marekani na fremu za madirisha ya Columbia.

Mimi ni fundi gari, macho yangu hutafuta kilichokufa na kwa nini. Challenger, 28 Januari 1986, iliponzwa na oringi, pete ya mpira ya kuziba kiungo. Asubuhi ile baridi ilikuwa nyuzi 2 hivi, mpira ukakakamaa, moto ukapenya kwenye kiungo cha roketi ya pembeni. Sekunde 73 tu, chombo kikavunjika. Wahandisi walikuwa wameonya usiku wa kuamkia safari! Baadaye kiungo kilisanifiwa upya, kikaongezwa oringi ya tatu na hita.

Columbia ndiyo iliyonishika zaidi. Mwaka 2003, wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu la kuzuia joto, kama robo tatu ya kilo, kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikagonga bawa la kushoto; chombo kikavunjika kikirudi duniani. Wakubwa wa NASA hawakuwa wameona hatari: povu litafanya nini? Baada ya ajali wachunguzi wakafyatua povu kama hilo kwa mzinga wa gesi kule San Antonio, Texas, kwenye paneli halisi ya kaboni ya ukingo wa bawa. Likaacha tundu la kupitisha kichwa cha mtu.

Kasoro ninayoiona ni hii: sehemu yenyewe inaeleza watu vizuri sana, ila mambo ya vifaa inayagusa juu juu. Soma kidogo kabla ya kwenda. Au ukitoka, rudi juu kwenye Atlantis, imewekwa kiupande makusudi, utazame vigae vyeusi vya tumboni na ule ukingo wa kijivu wa bawa. Hapo utaelewa povu liligonga wapi. Watoto wadogo wapeleke kwanza kwenye michezo, humu watachoka.

Tikiti si rahisi, lakini basi la kwenda jengo la Saturn V, roketi ya safari za mwezini, limo ndani ya bei. Huko kuna mlango wa chombo cha Apollo 1, uliokuwa ukifunguka kuelekea ndani, na watu watatu wakashindwa kutoka motoni 1967. Basi la mwisho huondoka mapema, kabla geti halijafungwa.