Huduma ya utabiri wa mvua kwa ujumbe mfupi: nyota mbili na nusu

Nauza pembejeo Korogwe. Nilijiunga na huduma hii (jina nalihifadhi) kabla ya vuli ya 2023, maana kila mteja aliuliza achukue mbegu ya muda mfupi au ya muda mrefu. Shilingi 150 kwa ujumbe, wanakata kwenye salio.

Ujumbe wa msimu ulikuwa huu: El Nino inakuja, jiandae na mvua kubwa za vuli. (El Nino ni pale maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida.) Mvua kweli zilikuja, sitawadhulumu. Lakini shemeji yangu aliyeko Songea alipata maneno hayohayo, na Songea hawana vuli! Wao wana msimu mmoja, Novemba hivi mpaka Aprili.

Kasoro kubwa ni kwamba macho yao yote yako Pasifiki. Vuli yetu inategemea sana Bahari ya Hindi hii hapa. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya kule Sumatra, Indonesia, yakapoa, upepo unatusukumia unyevu. Mwaka 1997 hali hiyo ilikutana na El Nino, na wa rika langu wanakumbuka barabara zilivyokatika. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa na nguvu sana, ikatangazwa kila kona, ila mafuriko ya 1997 hayakujirudia. Njoo 2019: Pasifiki imetulia, Bahari ya Hindi ndiyo imechachamaa. Vuli ilimwagika Afrika Mashariki nzima, na Novemba milima ikaporomoka West Pokot, Kenya. Kwa mtindo wa hawa jamaa, mwaka ule mkulima asingeambiwa kitu.

Halafu mvua zinaanza lini? Hawasemi. Mtu wa maharage hana kazi na neno "kubwa". Anataka kujua ikinyesha mapema Oktoba apande au asubiri, asije akapanda kisha jua likawaka wiki mbili. Taarifa ya msimu ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ni bure, inapanga mikoa kwa kanda, inataja mwanzo wa mvua na inaeleza hali ya bahari zote mbili. Ni ndefu, kweli, na "wastani hadi juu ya wastani" lazima umtafunie mteja. Mimi huichapisha nikaibandika karibu na mizani.

Nyota mbili na nusu nimezitoa kwa tahadhari zao za siku moja mbili mbele. Zinafika mapema, Kiswahili chepesi, hata kwenye kitochi. Hizo nimebaki nazo. Ujumbe wa msimu nimeuzima. Unaruhusiwa kuuondoa peke yake, na makato yalikoma siku ileile.