Ukumbi wa ndondi wa Eastlands unaofundisha pumzi na hofu, ila mizani imeachwa kiholela

Kumbi za ndondi jijini Nairobi si haba, na nyingi huuza kitu kimoja, nacho ni jasho. Mteja huruka kamba, hupiga gunia mpaka mikono ikafa ganzi, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba kuchoka ndiko kuwa bondia. Ukumbi ninaouhakiki hapa uko ghorofani kando ya barabara ya Jogoo, na sitautaja jina kwa kuwa nina lalamiko moja zito dhidi yake. Kocha wake mkuu anashikilia kwamba bondia hushindwa kwa kuishiwa na pumzi au kwa kuzidiwa na hofu, na kwamba mara nyingi la pili ndilo linalozaa la kwanza.

Ada ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Bandeji za mikono kila mtu hujinunulia, na ni busara kujinunulia glovu pia, kwa maana zile za ukumbi hazijawahi kukauka. Bafu hutoa maji siku ambazo mtaa una maji.

Thamani ya pesa hizo iko kwenye mafunzo. Pigano la ridhaa lina raundi 3 za dakika 3 kila moja, na dakika 1 ya mapumziko kati ya raundi na raundi. Msururu wa ngumi za haraka hutumia akiba ya nishati iliyo tayari ndani ya misuli, akiba ambayo huisha kwa takriban sekunde 10 za kazi kali, na kinachoirudisha ni oksijeni. Ndiyo maana kijana mwenye misuli ya kutisha anaweza kutawala raundi ya kwanza na kuning'inia kwenye kamba katika ya tatu. Hapa kocha hupima jambo hilo bila mtambo wowote. Kengele inapolia, huweka vidole viwili shingoni mwa bondia na kuhesabu mapigo ya moyo, kisha huhesabu tena dakika ya mapumziko inapokwisha, na tofauti huiandika katika daftari lenye ukurasa wa kila mwanafunzi. Ambaye mapigo yake hayashuki upesi hupewa mbio ndefu za polepole alfajiri, zile ambazo vijana huzidharau kwa kuwa hazina mbwembwe.

Tangazo lililobandikwa mlangoni linajigamba kwamba mwinuko wa Nairobi humpa bondia mapafu ya chuma. Ni kweli kwamba jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Mombasa atahema kwa siku kadhaa kabla ya mwili kuzoea, lakini wapinzani wengi wa bondia wa Nairobi nao wanavuta hewa hiyohiyo.

Somo la nguvu ya ngumi lilinivutia zaidi. Mwanafunzi mpya huketishwa kwenye kigoda na kuambiwa apige gunia kwa nguvu zake zote. Gunia hutikisika kidogo tu. Kisha husimamishwa, hufundishwa kusukuma sakafu kwa mguu wa nyuma, kugeuza nyonga na kiwiliwili, na kuuacha mkono ufike mwisho. Gunia huruka. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mazoezi ya miguu na kiuno huchukua muda mrefu kuliko ya mikono.

Kuhusu hofu, ukumbi huu hauitibu kwa kelele za kutia moyo. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msisimko husaidia utendaji hadi kiwango fulani, na ukizidi hapo huuharibu, hasa kazi inapokuwa ngumu. Katika ulingo uharibifu huo huonekana kwa macho: mabega hupanda, pumzi hubanwa, misuli hukazana hata isipohitajika, na nishati humwagika bure. Kwa hiyo mwanafunzi huingizwa ulingoni kwa hatua. Mwanzoni mwenzake hurusha ngumi ya kushoto iliyonyooka pekee, naye hukinga tu. Baadaye huruhusiwa kujibu. Na pigano huru la mazoezi likifika, wengine huzunguka ulingo na kupiga mayowe makusudi, ili mayowe ya siku ya mashindano yasiwe mageni masikioni mwake.

Kati ya raundi, kocha hukaa kimya hadi bondia atakapopumua sawasawa. Kijana mmoja alianza kujitetea akiwa bado anahema, "Mwalimu, yule ananiwahi," naye akamkatiza kwa upole: "Pumua kwanza, kijana wangu, ulingo hauendi popote." Kisha akampa agizo moja tu, la kuteremsha bega la kulia. Nimewahi kuona pembe za ulingo ambako watu watatu hupayuka pamoja, na bondia hurudi kupigana akiwa hajasikia lolote.

Sasa mizani, yaani suala la uzito wa bondia. Kocha mkuu asipokuwapo, wasaidizi wake huwaruhusu vijana kukimbia wakiwa wamevaa makoti ya nailoni, ili watoe jasho, na wakijinyima maji, ili waingie kundi la uzani wa chini. Kupoteza maji yanayofikia asilimia 2 ya uzito wa mwili kunatosha kudhoofisha ustahimilivu, kwa kuwa damu hupungua ujazo na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, yaani kinyume kabisa cha kile daftari linachotafuta. Tena, katika ridhaa mabondia hupimwa asubuhi ya siku ya pigano, hivyo muda wa kurudisha maji ni mfupi. Ukutani imetundikwa picha ya Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul mwaka 1988 na kufariki mwaka 1994 kutokana na majeraha ya pigano la Las Vegas. Ukumbi unaomtundika Wangila ukutani haupaswi kuchezea usalama wa kichwa cha mtu, na hapa hakuna daktari, wala kanuni iliyoandikwa ya siku ngapi aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwani akae nje ya ulingo.

Ninaupendekeza kwa anayekusudia kushindana. Anayetaka kupunguza kitambi asijisumbue, kwa kuwa kipindi cha mchana huendeshwa na msaidizi na kipaza sauti, kwa ada ileile. Mzazi anayemwandikisha mtoto asisitize vipindi vya jioni vya kocha mkuu, na aeleze kwa maandishi, kabla ya kulipa, kwamba mwanawe atapigana katika uzani wake wa kawaida.