Canonet QL17 kwenye jua la Dodoma: angalia haya kabla hujatoa hela

Mbukwenyi watu wangu, karibuni. Leo mezani kuna Canonet QL17 GIII, kamera ya mkanda ya Canon, toleo la mwaka 1972, nimeichukua kwa laki mbili na nusu na nimeshazunguka nayo Majengo sokoni, Nyerere Square na huko kwenye mashamba ya zabibu, kwa hiyo ninachowaambia nimekiona kwa macho yangu.

Hii ni renjifainda, yaani huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati ya kidirisha kuna kiboksi kidogo cha njano. Ngoja nisogeze simu muone. Huyo jamaa pale getini si yuko wawili? Sasa nazungusha lenzi taratibu, wanasogeleana, wanasogeleana, hapo, kawa mtu mmoja. Fokasi tayari. Na hapa ndo pa kuanzia ukienda kununua, kwa sababu hicho kiboksi kinafifia kwa umri na kamera ikidondoka kinahama. Toka nje na muuzaji, lenga mnara wa simu ulio mbali kabisa, zungusha lenzi mpaka mwisho. Minara miwili ikikataa kuungana, mrudishie kamera yake, au mpunguziane bei ya maana maana lazima upitie kwa fundi.

Pili fungua mgongo. Kwenye ukingo wa mlango na pale kwenye bawaba kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga, na kwa miaka yote hii huwa imeoza inanata kama lami, ukiigusa vidole vinatoka vyeusi. Kwa vumbi letu hili la kiangazi ni balaa, vumbi linaganda pale na mwanga unapenya unachoma picha. Kubadilisha siyo kazi ngumu ila iingize kwenye hesabu. Mlango ukiwa bado wazi weka spidi ya 1/4, yaani robo sekunde, apecha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) 1.7, bonyeza, angalia shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga, kwa ndani. Ikifunguka kwa kusuasua au ikigoma kufunga, mafuta yameshaganda kwenye yale mabati membamba ya shata.

Haya, betri, maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Ilitengenezwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, na hizo zimeshaachwa kutengenezwa kwa sababu ya sumu. Ukiweka ya kawaida ya 1.5 mita, yaani kipima mwanga cha kamera, inadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, picha zinatoka na giza. Wengine wanaweka betri ndogo za mashine za kusikia, namba 675, zina volti 1.4, zinakaribia. Ila mimi nawaambia kwa jua la Dodoma hiyo mita achana nayo kabisa! Shata ya hii kamera haihitaji betri, toa pete ya apecha kwenye A, pale kamera inapojichagulia yenyewe, chagua mwenyewe. Mkanda wa ISO 200 (ISO ni kiasi mkanda unavyohisi mwanga), jua limewaka, weka 1/250 na apecha 16, na kama mtu amesimama kivulini fungua mpaka 5.6 au hata 4, mkanda wa rangi wa kawaida (negativu) unavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

Kitu kilichonifanya niipende kweli ni flashi. Shata yake iko ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo flashi inakubali spidi zote mpaka 1/500, wakati kamera nyingi kubwa za enzi zile zilikuwa zinaishia 1/60 au 1/125. Saa saba mchana pale Majengo kuna mama anauza zabibu, kofia pana, uso wote umemezwa na kivuli. Nikamwomba ruhusa, nikaweka flashi ndogo, 1/500, nikabonyeza. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hupigi?" Ilishapiga, ule mlio ni mdogo sana hakuusikia. Na kwenye picha macho yanaonekana, jasho la puani linaonekana, na zabibu nyuma yake bado zina rangi yake.

Ubaya upo. Haisogei karibu zaidi ya sentimita 80, kwa hiyo zabibu moja moja sahau. Lenzi ni 40mm haitoki, huibadilishi. Na kwa sababu spidi inaishia 1/500, ile 1.7 mchana huigusi, utaitumia jioni na ndani ya nyumba.

Kama unapiga harusi na kesho yake mteja anadai picha, hii siyo yako bwana, mkanda ni ghali na mimi wangu nautuma Dar kwa basi ukasafishwe. Lakini kama unapiga watu, mtaani, nyumbani kwa bibi, na uko tayari kusubiri, chukua. Kidirisha na shata vikiwa vizima hata mita ikiwa imekufa, chukua tu, na hiyo mita iliyokufa itumie kushushia bei.