Sabufa yangu haikuwa mbovu: nilivyotuliza sauti za muvi kwa VLC

Saa tano usiku, mtoto kalala, mimi na mke wangu tunaangalia muvi ya kijasusi. Picha iko kwenye kompyuta, sauti inatoka kwenye sabufa yetu ya spika mbili. Kwenye muvi kuna watu wawili wananong'ona ndani ya gari. Hatuambulii neno. "Baba watoto, ongeza kidogo." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza tena. Kabla hajasema la tatu, gari likalipuka. Vikombe kabatini vikagongana, mtoto akaamka analia, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akagonga mara tatu. Nyumba za kupanga mnazijua.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naangalia muvi rimoti ikiwa mkononi, kidole gumba kwenye kitufe cha kupunguza. Wakiongea napandisha, wakipigana nashusha. Nilijaribu kupunguza besi nikiamini ndiyo yenye kelele. Wapi! Mwisho nikaipeleka sabufa kwa fundi. Akaifungua, akasema kapasita zimechoka, akabadilisha mbili, shilingi 15,000 zikaenda. Nikarudi nyumbani, nikaweka ile ile muvi, mambo yale yale.

Simlaumu sana fundi, maana hata mimi sikujiuliza swali la kijinga kabisa: mbona taarifa ya habari inasikika sawasawa? Mbona Bongo Fleva haina tatizo? Shida ilikuwa kwenye muvi tu, tena si zote.

Jibu nililikuta kwenye VLC, ile programu ya bure yenye alama ya koni ya barabarani, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris. Nilikuwa naitumia miaka yote bila kujua ina nini ndani zaidi ya kitufe cha kuanzisha. Muvi ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J. Linafunguka dirisha la taarifa za faili, na kwenye mstari wa chaneli za sauti (yaani njia za sauti, kila moja na spika yake) niliona kitu kama namba ya gari: 3F2R/LFE. Maana yake chaneli tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi. Ndiyo hiyo inayoitwa 5.1. Muvi zangu zote zenye ugonjwa zilikuwa na mstari huo. Zile zilizosikika vizuri zilisomeka stereo, yaani chaneli mbili tu, kushoto na kulia.

Kwa hiyo sauti imetengenezwa kwa spika sita, mimi ninazo mbili. Ukumbini au kwenye sebule ya mwenye nazo, maongezi karibu yote yanatoka kwenye spika ya katikati, ambayo kazi yake hasa ni hiyo. Milio ya magari na muziki vina spika zake kushoto, kulia na nyuma. Ukiwa na spika mbili, programu inalazimika kukunja sita ziwe mbili. Kwa kawaida ile ya katikati hushushwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na kugawiwa kushoto na kulia, za nyuma nazo zikachanganywa humo humo. Ili mchanganyiko usipasuke, mara nyingi sauti nzima inashushwa tena. Sasa mnong'ono unatoka mdomo mmoja na mlipuko. Na hapa ndipo nilipocheka: chaneli ya besi, niliyoishuku muda wote, mara nyingi kwenye kukunja huko huachwa kabisa. Kishindo nilichokuwa nakisikia kilikuwa tayari kwenye chaneli za kushoto na kulia.

Dawa ya kwanza haigharimu hata dakika. Bonyeza herufi B wakati muvi inacheza. VLC inahamia sauti nyingine iliyomo kwenye faili, kama ipo. Mafaili mengine yana 5.1 na stereo pamoja, na ile stereo imeshapangwa na watu wenye masikio. Kwangu ilisaidia muvi chache tu. Nyingi hazina.

Ya pili ndiyo iliyookoa ndoa. Bonyeza Ctrl na E, nenda sehemu ya sauti, fungua ukurasa ulioandikwa Compressor, yaani kompresa, kibana sauti, weka tiki. Utakutana na vitelezi saba vinavyotisha. Usiviguse vyote. Mimi nilishusha Threshold mpaka hasi 20, nikapandisha Ratio mpaka 10, na Makeup gain nikaiweka kwenye 12. Kwa lugha ya nyumbani: sauti yoyote ikivuka hasi 20 inabanwa, yaani ikitaka kupanda desibeli 10 inaruhusiwa 1 tu. Halafu kila kitu, mnong'ono na kishindo, kinanyanyuliwa desibeli 12. Release, yaani muda wa kuiachia sauti baada ya kuibana, niliivuta mpaka milisekunde 300, kwa sababu ikiwa fupi sauti inakuwa inahema, unasikia muziki wa nyuma ukipanda na kushuka kila mtu anaponyamaza.

Tukaweka tena ile muvi ya gari. Mnong'ono tukausikia wote, neno kwa neno. Mlipuko ulipokuja, mke wangu alinitazama mimi badala ya kioo. Ukuta kimya.

Ina gharama zake. Muvi ya vita inapoteza ule utamu wa kukushtua, na kwenye matukio ya kimya unaanza kusikia upepo na mivumo ambayo zamani ilijificha. Na uondoe tiki ukimaliza! Niliisahau wiki nzima, nikawa nashangaa mbona taarab imekuwa bapa, ngoma na fidla viko usawa mmoja. Mchana mtoto akiwa shule siiwashi.

Kwa wanaoangalia kwa flashi kwenye televisheni, hiyo kompresa haiwasaidii, inabidi faili lenyewe ligeuzwe. Mimi hutumia ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili ya video na sauti, nayo ya bure, inayoendeshwa kwa kuandika amri, na amri ni hii:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -af "pan=stereo|c0<c2+0.5*c0+0.4*c4|c1<c2+0.5*c1+0.4*c5" mpya.mkv

Hiyo c2 ndiyo chaneli ya katikati, nimeipa nguvu yote. Kushoto na kulia zimepata nusu, za nyuma chini kidogo ya hapo. Maongezi yakiwa bado madogo, punguza hizo 0.5 na 0.4. Ni kwa mafaili ya 5.1 tu, kwenye stereo chaneli hizo hazipo. Picha haiguswi, inanakiliwa ilivyo, ndiyo maana muvi ya saa mbili inaisha kwa dakika chache hata kwenye kompyuta yangu kuukuu.

Ila faili la awali msilifute. Mimi nilifuta matatu kwa furaha ya siku ya kwanza, na sasa shemeji ameleta seti ya spika tano, inabidi niyatafute upya.